Kupoza jengo kwa maji yanayopita sakafuni na darini: anza na unyevu, mabomba baadaye

Wengi wanaoulizia mfumo huu huanza na bei ya mabomba. Ningependa waanze na unyevu. Jengo likishindwa kudhibiti unyevu, hata mabomba bora kuliko yote yatakuletea sakafu inayoteleza na dari inayodondosha matone. Likiweza, utapata ubaridi mtulivu, usio na kelele wala upepo wa kukuumiza shingo usiku, na umeme utakaolipia utapungua.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Maji ya nyuzi 16 hadi 18 yanazungushwa ndani ya mabomba membamba yaliyofukiwa kwenye sakafu, kwenye zege la juu, au nyuma ya paneli za dari. Eneo hilo likishapoa, mwili wako unalitupia joto lake moja kwa moja, bila kusubiri upepo. Mtu aliyekaa ametulia hutoa joto la wati 100 hivi, na sehemu kubwa yake hutoka kwa mnururisho. Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu au Mji Mkongwe saa nane mchana anaijua raha hii: kipimajoto kinasoma nyuzi 29 na bado mwili unatulia, kwa kuwa kuta nene za matumbawe na chokaa hazikurushii joto. Kinachoongezwa hapa ni maji ya kuubeba ule ubaridi na kuuleta pale unapouhitaji.

Na maji yanaubeba kweli. Kwa ujazo ule ule, maji hubeba joto takriban mara 3,500 kuliko hewa, kwa hiyo bomba lenye unene wa kidole linafanya kazi ambayo ingedai njia ya hewa ya kupita mtoto mzima.

Wenye hewa nzito kama ya pwani yetu wameshaufanya kwa kiwango kikubwa. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, uliofunguliwa 2006, unapozwa kwa mabomba ya sakafuni, huku hewa iliyokaushwa ikiingizwa chini, kwenye tabaka wanamopita abiria. Kule Hyderabad, India, kampuni ya Infosys ilijenga ofisi yenye pande mbili zinazofanana: upande mmoja ukapewa viyoyozi vya hewa vya kisasa, wa pili mabomba ya maji. Upande wa maji ulitumia umeme pungufu kwa karibu theluthi moja. Huo ni ushahidi ninaouamini kuliko tangazo lolote, kwa sababu jengo ni moja, kazi ni moja na jua ni moja.

Hatua ya kwanza: pima kiwango cha umande

Kiwango cha umande ni lile joto ambalo kitu kikipoa kufikia hapo, hewa inaanza kukiwekea maji. Chupa ya soda baridi inatoka jasho mezani kwa sababu iko chini ya kiwango hicho. Sakafu yako nayo itafanya vivyo hivyo.

Unaweza kukipima bila kifaa cha bei. Chukua kikombe cha chuma kinachong'aa, kioshe na ukikaushe vizuri kwa nje. Tia maji ya kawaida hadi nusu, tumbukiza kipimajoto, halafu ongeza barafu kipande kimoja kimoja huku ukikoroga polepole. Usiinamie kikombe, maana pumzi yako ina unyevu wake. Tazama ukuta wa nje. Mwanzo unang'aa, unaona hadi taa ya darini ndani yake. Kisha ghafla, karibu na usawa wa maji, mng'ao unafifia na kuwa ukungu. Ukipitisha kidole kinaacha mstari. Soma kipimajoto papo hapo. Hicho ndicho kiwango cha umande cha chumba hicho kwa saa hiyo. Rudia asubuhi, mchana na usiku, na tena msimu ukibadilika. Ukiwa na kipimaunyevu cha kidijitali, kitumie pia, lakini zoezi la kikombe linamfundisha mwenye nyumba jambo ambalo tarakimu peke yake haimfundishi.

Sasa linganisha. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa Dar es Salaam na Mombasa wakati wa kaskazi, ina kiwango cha umande cha nyuzi 25. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 45, kama ya mchana mkavu wa Nairobi, iko kwenye nyuzi 13. Kwa huyu wa Nairobi, maji ya nyuzi 17 hayana shida yoyote. Kwa yule wa pwani mwenye madirisha wazi, maji hayo hayo ni gharika.

Kwa hiyo niseme wazi mapema. Kama unaishi pwani, nyumba yako ina luva za vioo, milango inashinda wazi na familia inapenda upepo wa bahari upite, mfumo huu haukufai. Weka kivuli, weka pangaboi, zuia joto la bati, na pesa zinazobaki zifanyie jambo jingine. Unafaa jengo linalofungika: ofisi, benki, maktaba, hospitali, ukumbi wa hoteli, au nyumba iliyosanifiwa tangu mwanzo iwe na hewa ya kudhibitiwa.

Hatua ya pili: zuia joto lisiingie

Sakafu iliyopozwa huondoa wati 40 hivi kwa kila mita ya mraba, si zaidi sana. Sebule ya mita za mraba 30 kwa hiyo ina uwezo wa wati 1,200. Dirisha linalotazama magharibi bila kivuli linaweza kuingiza wati 400 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya kioo wakati wa alasiri. Mita tatu za kioo, na uwezo wote wa sakafu umeliwa na jua kabla hujaingiza mtu ndani.

Weka kivuli nje ya kioo, si pazia ndani, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia. Baraza pana, vipaa vya zege juu ya madirisha, mbao za mlalo, mti wa kivuli upande wa magharibi, vyote vinasaidia. Bati lililopigwa na jua hufika nyuzi 60. Chini yake weka tabaka la kuzuia joto, na juu lipake rangi nyeupe. Kazi hii haina mvuto wa kupigia picha, ila ndiyo itakayoamua kama mfumo utatosha.

Hatua ya tatu: ziba jengo na utoe unyevu

Hapa ndipo miradi ya pwani hufaulu au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua sebule ile ile, mita za mraba 30, kimo cha mita 2.8. Ndani unataka nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 50. Nje ni nyuzi 30 na asilimia 75. Kila hewa yote ya chumba inapobadilishwa mara moja na ya nje, umeingiza karibu lita 0.9 ya maji. Kama inabadilika mara moja kwa saa, jambo la kawaida kwa nyumba yenye mianya, ni karibu lita moja kila saa, na hujahesabu watu wanaopumua, sufuria la wali wala nguo zilizoanikwa ndani. Mashine ya nyumbani ya kukausha hewa inayotangazwa kutoa lita 20 au 25 kwa siku itakuwa inakimbizana na mwanya wa chini ya mlango tu.

Kwa hiyo ziba kwanza. Ondoa luva, weka madirisha yenye mpira wa kubana pande zote. Mlango wa nje uwe na ufagio wa mpira chini. Ziba matundu ya umeme na ya mabomba yanayopita ukutani na yanayoingia kwenye dari. Jiko litengwe na mlango, nalo liwe na feni ya kutoa mvuke nje.

Kisha toa unyevu uliobaki. Kwenye jengo la biashara, tumia mashine maalumu inayovuta hewa ya nje, kuikausha na kuiingiza ndani kwa kiasi kinachotosha watu kupumua. Hewa hiyo iwe nyingi kidogo kuliko inayotolewa, ili jengo lisukume nje badala ya kufyonza unyevu kupitia mianya. Kwa nyumba, mashine ya kukausha hewa inatosha ikiwa uzibaji ni mzuri. Kiyoyozi kidogo cha ukutani kikiwekwa kwenye hali ya kukausha nacho kinasaidia, mradi maji yake yatolewe nje kwa bomba. Hewa safi lazima iingie hata hivyo. Jengo lililozibwa bila kuingiziwa hewa ni hatari kwa afya.

Usiende hatua inayofuata mpaka kikombe chako, ndani ya chumba kilichofungwa, kionyeshe umande chini ya nyuzi 16 kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa jengo jipya ambalo bado ni mchoro, mhandisi akuonyeshe hesabu ya unyevu kwenye karatasi. Akikwepa, tafuta mwingine.

Hatua ya nne: sakafu au dari?

Kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya chumba na eneo lililopozwa, sakafu huondoa wati 7 kwa mita ya mraba na dari huondoa wati 11. Sababu ni kwamba hewa yenye joto hupanda, ikaigusa dari, ikapoa na kushuka. Sakafuni ile hewa ya baridi inalala tu. Chumba kikiwa nyuzi 26 na sakafu nyuzi 20, unapata wati 42. Dari ikiwa nyuzi 20 hizo hizo unapata 66.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilitazami kwa macho yetu. Vipimo vya kimataifa vinaruhusu sakafu kushuka hadi nyuzi 19, lakini vinamfikiria mtu aliyevaa viatu. Sisi tunavua viatu mlangoni, tunakaa kwenye mkeka, watoto wanalala sakafuni. Kigae cha nyuzi 19 chini ya unyayo mtupu kinaumiza. Zulia nene nalo linaziba ubaridi usipande. Kwa nyumba ya kuishi na kwa msikiti, mimi nachagua dari. Sakafu naiachia ukumbi wa abiria, jengo la maonyesho, duka kubwa, na pale jua linapoangukia sakafu moja kwa moja, kwani hapo sakafu hulimeza joto la jua kabla halijasambaa na uwezo wake hupita ule wa wati 40.

Darini una njia tatu. Kufukia mabomba ndani ya slabu ya zege: bei nafuu kwa jengo jipya, ila slabu inaitikia polepole sana. Paneli za chuma zenye mabomba ya shaba nyuma yake: zinaitikia haraka, zinafaa ofisi, na zikiharibika unazifungua. Mikeka ya mirija myembamba inayopigwa lipu juu yake: nzuri kwa nyumba inayokarabatiwa, ila inadai maji safi mno kwa sababu mirija huziba.

Hatua ya tano: kulaza mabomba

Nitaeleza ya sakafuni, maana ndiyo mafundi wengi watakayokutana nayo. Ya kwenye slabu yanafungwa kwa namna ile ile kwenye nondo.

Tumia bomba la PEX, plastiki inayopindika, la milimita 16 au 20 lenye tabaka la kuzuia oksijeni. Bila tabaka hilo, oksijeni hupenya plastiki kidogo kidogo na kuozesha sehemu za chuma za pampu na valvu. Usikubali fundi akuwekee PPR ya maji ya kawaida. Inauzwa vipande vifupi vya kuunganishwa kwa kuchomelea, na sharti la kazi hii ni kwamba hakuna kiungo hata kimoja ndani ya zege. Kila mzunguko unakuwa bomba moja zima, kutoka kwenye manifoldi, yaani bomba kuu la kugawa na kukusanya maji ya mizunguko yote, na kurudi kwenye manifoldi.

Juu ya zege la chini tandika nailoni ya kuzuia unyevu, kisha mbao za povu gumu, angalau sentimita 3 hadi 5. Zungushia ukutani ukanda laini wa povu ili sakafu ipate nafasi ya kutanuka na ubaridi usikimbilie kuta za nje. Juu ya povu weka wavu wa BRC, na kwenye wavu fungia bomba kwa vibano vya plastiki. Usitumie binding waya wa chuma, ukikazwa unakata. Nafasi kati ya bomba na bomba iwe sentimita 15. Kwa nafasi hiyo unatumia mita 6.5 hivi za bomba kwa kila mita ya mraba. Kwa bomba la milimita 16, mzunguko mmoja usizidi mita 100, la sivyo pampu itahangaika. Sebule yetu ya mita 30 kwa hiyo inapata mizunguko miwili.

Laza kwa mtindo wa konokono, bomba la kwenda na la kurudi likifuatana ubavu kwa ubavu, ili ubaridi uwe sawa chumba kizima. Ukizungusha zigizaga, upande wa kuanzia utapoa kuliko wa mwisho. Kona usizikunje kwa nguvu. Bomba la 16 lisipinde kwa nusu kipenyo kilicho chini ya sentimita 8.

Kiasi cha maji kinahesabika kirahisi. Wati 1,200, maji yakiingia na nyuzi 17 na kutoka na 20, ni lita 5.7 hivi kwa dakika, yaani karibu 2.9 kila mzunguko. Weka manifoldi yenye vioo vya kusomea mwendo wa maji, urekebishe kila mzunguko kwa macho.

Kabla ya zege, jaza maji na upandishe presha hadi baa 6. Iache, soma geji, rudi kesho yake usome tena. Presha ikishuka bila sababu ya joto, tafuta uvujaji. Zege limwagwe presha ikiwa bado imo, na mtu mmoja awe na kazi ya kutazama geji tu, kwani koleo au toroli likitoboa bomba utaona sindano ikianguka na utarekebisha zege likiwa bichi. Piga picha kila chumba, futi ya kupimia ikiwa imelazwa sakafuni kutoka ukutani. Miaka mitano baadaye mtu atataka kutoboa sakafu afunge choo au kabati, na picha hizo ndizo zitakazomwokoa.

Hatua ya sita: chanzo cha maji baridi

Chila (mashine za kupoza maji) za kawaida hutoa maji ya nyuzi 6 au 7. Wewe unahitaji 16, na hapo ndipo akiba kubwa ilipo: kila nyuzi moja unayopandisha, chila hupunguza umeme kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Kama chila moja inahudumia pia mashine ya kukausha hewa, ambayo inahitaji maji baridi zaidi, weka valvu ya kuchanganya ili mabomba ya sakafuni yasipate kamwe maji ya nyuzi 7.

Nyanda za juu zina bahati nyingine. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya usiku hupoa vya kutosha kupoza tanki kubwa la maji, kwa mnara wa kupozea au kwa paneli tupu za juu ya paa zinazotupa joto kwenye anga safi. Maji ya usiku yanatumika mchana, na chila inabaki msaidizi. Kwa nyumba nyingi za miji hiyo, kusema kweli, kivuli na madirisha mazuri vinatosha. Wanaohitaji ni wenye ofisi za vioo na vyumba vya kompyuta.

Mzunguko ni wa kufungwa, kwa hiyo maji ni yale yale miaka mingi. Jaza maji safi yaliyotibiwa. Maji ya kisima ya pwani yenye chumvi usiyaguse. Mabomba yote yaliyo wazi, pamoja na manifoldi na pampu, yavikwe sponji nyeusi isiyofyonza maji na maungio yake yagundishwe, kwani hapo ndipo jasho la kwanza hutokea.

Hatua ya saba: udhibiti

Thamostati peke yake haitoshi. Kila eneo liwe na sensa ya joto na unyevu, na kidhibiti kinachokokotoa kiwango cha umande na kupandisha joto la maji yenyewe, maji yakibaki nyuzi 2 juu ya umande wakati wote. Kwenye bomba la kuingilia, mahali pa baridi kuliko pote, funga sensa ya majimaji inayozima pampu ikiguswa na tone. Madirisha yanayofunguka yawekewe swichi: likifunguliwa, mzunguko wa chumba hicho unafungwa.

Zege halina haraka. Ukiwasha leo asubuhi, utaisikia tofauti jioni au kesho. Usizime kila usiku na kuwasha kila asubuhi. Liache liende polepole, na joto la chumba liweke nyuzi 26. Watu waliozoea kiyoyozi cha nyuzi 20 watataka kushusha. Waombe wakae siku chache kwanza, kwani dari ikiwa ya baridi, hewa ya nyuzi 26 mwilini haisikiki kama nyuzi 26.

Umeme ukikatika

Kila mtu ndani ya jengo alijue hili. Umeme ukikatika, mashine ya kukausha inasimama, lakini zege linabaki na ubaridi wake kwa saa nyingi. Anayekimbilia kufungua madirisha anaingiza hewa yenye umande wa nyuzi 25 juu ya sakafu ya nyuzi 20, na vigae vinalowa ndani ya dakika chache. Mzee anayetoka kutawadha anaweza kuanguka. Funga madirisha. Chumba kitaendelea kuwa baridi chenyewe kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Kama una jenereta au betri za sola, mashine ya kukausha ndiyo ya kwanza kupewa umeme, kabla ya chila.

Umeme ukirudi, pampu isiwake nao. Acha mashine ya kukausha ifanye kazi peke yake mpaka sensa zionyeshe umande umeshuka chini ya joto la maji kwa nyuzi 2, ndipo pampu iruhusiwe. Mwambie fundi aiandike kanuni hiyo ndani ya kidhibiti, kisha siku ya kukabidhiwa jengo azime swichi kuu mbele yako, aiwashe tena, na mngoje pamoja muone kama inafuatwa.